Mzee Chediel na Adabu za Kiti cha Bure

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kiomboi na vitongoji vyake, wenye kupanda ndege na wenye kuzikodolea macho tu zikipita, kwamba Mzee Chediel Kitundu, karani mstaafu wa mizani, baba wa watoto watano, mzee wa kanisa aliyesimamishwa mara mbili na kurudishwa mara tatu, ndiye aliyeufundisha mkoa huu adabu ya kusafiri angani bila kulipa. Mwenye kubisha anyooshe mkono. Wengine kaeni, habari yenyewe ina urefu wake.

Kwanza mumfahamu mtu mwenyewe. Mzee Chediel haamini kitu. Redio ikisema mvua imenyesha Manyoni, anasubiri mtu atoke Manyoni na matope kwenye viatu. Mganga wa zahanati alipompa vidonge, alimwomba mganga ameze kimoja kwanza. Kanisani mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, yeye hufumba moja. Lingine hubaki kazini.

Msimlaumu. Alikaa miaka kumi na minne nyuma ya mizani ya chama cha ushirika, anapima alizeti za watu, na mtu aliyekaa muda wote huo nyuma ya mizani hawezi tena kuangalia dunia kutoka mbele. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walikuja na pikapu zao hadi mashambani, chama kikafa kifo cha mgonjwa ambaye ndugu zake wameshagawana nguo. Meza zikapigwa mnada, makabati yakapigwa mnada, mizani ikapigwa mnada. Chediel akarudi nyumbani kulima na kushuku.

Mwaka tisini na sita, binti yake wa tatu, Ritha, akapata kazi Dar es Salaam kwenye dawati la tiketi la shirika dogo la ndege. Siku zile za ruksa ya biashara kila aliyekuwa na malori mawili aliyauza akanunua kitu kinachoruka. Shirika lenyewe liliitwa Mwewe. Sisi ni watu wa kuku. Kuku wa Singida wanajulikana hadi sokoni Kariakoo. Halafu mtu anatuletea ndege anaiita Mwewe, na anatarajia tumpigie makofi.

Ndege hiyo ilitoka Mwanza, ikatua Singida mjini kila Jumanne na Ijumaa, ikaendelea Dodoma na Dar. Ilikuwa na viti tisa vya abiria. Mwezi wa tano barua ikafika Kiomboi kwa basi, na ndani yake karatasi ya bluu yenye muhuri. Mama Ritha, jina lake Selina, aliisoma kwa sauti sebuleni huku mumewe akiikagua bahasha kwa nje kama vile barua iko huko.

Ritha aliandika kwamba karatasi ile ya bluu ni pasi. Mfanyakazi anaruhusiwa kumpa mzazi wake asafiri bure, lakini pasi si tiketi. Mgeni wa pasi anangoja pembeni mpaka waliolipa wote wamepanda. Kikibaki kiti, anapanda. Kisipobaki, anashukuru na kurudi siku nyingine. Avae vizuri, maana analiwakilisha shirika. Asiwaambie abiria wenzake kwamba hakulipa. Asichague kiti, asiombe kitu, asiulize ndege imechelewa kwa nini. Na hata akiwa ameshakaa, akitokea mwenye tiketi, mgeni wa pasi anainuka, anatabasamu na kushuka.

"Anatabasamu?" aliuliza Mzee Chediel.

"Ndivyo alivyoandika. Kapigia na mstari."

"Endelea."

Selina akaendelea, na sauti ikashuka kidogo. "'Baba, nakuomba sana hapa. Niko kwenye miezi sita ya majaribio. Mgeni wangu akibishana na mtu hata mara moja, jina linaloandikwa si lake, ni langu. Likiandikwa, mkataba sipewi, narudi nyumbani. Nakujua, baba. Naomba unyamaze.'"

Wote wawili walikumbuka miaka miwili ambayo Ritha alizunguka Dar na cheti chake mkononi, analala kwa watu, anapika kwa watu, anaambiwa njoo kesho na watu wasiokuwa na kesho.

"Mama Ritha," Chediel akasema, "hiki kiti kimelipiwa na mwanaume."

"Mwanaume gani tena?"

"Sijui. Ndiyo maana kajificha nyuma ya muhuri. Wewe umeona wapi mfanyabiashara anampa mtu kiti bure? Lori la ng'ombe tu ukidandia nyuma unashushwa. Kuna kijana huko anamtaka Ritha, anaona haya kuja hapa na washenga, anatuma kiti. Nikikikalia, nimepokea. Kesho ataniambia mzee, ulishakula changu."

"Basi usikikalie."

"Nitakikalia. Nitamjuaje nisipokikalia?"

Kwa hiyo safari ikawa ya upelelezi. Alinunua suti ya mtumba, ile tunayoita kafa Ulaya, ya kijivu yenye mistari. Marehemu aliyeivaa mwanzo alikuwa na mikono mirefu kupita kiasi, kwa hiyo vidole vya Mzee Chediel vilichungulia kwenye mikono ya koti kama panya wanaoangalia kama paka ameondoka. Alifanya mazoezi ya kutabasamu kwenye kioo cha Selina siku tatu. Selina alimwambia inatosha, asije akavunja kitu.

Majirani walipomuuliza anakwenda wapi, alijibu "Mjini," maana barua ilikataza kusema. Sasa mtu wa Kiomboi akivaa suti katikati ya wiki, akabeba begi, akasema anakwenda mjini na kufunga mdomo, watu hawalali. Wengine walisema kapata dhahabu Sekenke anaficha. Wengine walisema anafuata mke mdogo. Mchungaji aliuliza kwa upole kama kuna jambo angependa kuliungama. Mzee Chediel aliwatazama wote kwa jicho lile la kazini, akapanda basi.

Singida mjini alifikia kwa Faith, mdogo wake Selina, aliyekuwa na kibanda cha kushona nguo karibu na stendi. Jumanne asubuhi akapiga pasi suti, akaondoka bila kuaga vizuri.

Kiwanja cha ndege kilikuwa njia ndefu ya changarawe, mbuzi wengi, na kibanda cha bati. Nyuma ya kibanda choo cha abiria kilikuwa kinajengwa tangu mwaka uliotangulia, na mifuko ya saruji ilikaa chini ya turubai ikingoja fundi aliyekuwa anangoja kulipwa. Wakala wa Mwewe hapo alikuwa kijana anaitwa Anselm. Ndiye aliyekata tiketi, akapima mizigo, akafukuza mbuzi na kuandika ripoti.

"Shikamoo baba!" Anselm alimkimbilia na kumpokea begi. "Wewe ndiye baba yake Ritha? Karibu sana. Ritha kanipigia simu. Kaa hapa kivulini, nikuletee chai?"

"Marahaba," alisema Mzee Chediel, na moyoni akasema: ndiye huyu.

Hakuna kijana anayembebea mzee begi hivihivi. Hakuna anayetoa chai ambayo haikuombwa. Aliikataa chai. Akakaa kivulini, akamchunguza Anselm viatu, kucha na namna ya kutembea, kama mtu anayenunua dume la mbegu. Ndege ikaja kutoka Mwanza, ikachukua abiria wanne wa Singida, ikajaa.

"Baba, pole sana, leo tumekosa," Anselm alisema akifuta jasho. "Ijumaa, Mungu akipenda."

Mzee Chediel akatoa lile tabasamu la kwenye kioo. Anselm akamuuliza kama jino linamuuma.

"Asante," alisema Chediel. Neno lilitoka kwa shida, kama msumari kwenye ubao mkavu.

Alirudi kwa Faith saa saba mchana, suti kamili, vumbi hadi magotini.

"Shemeji," Faith alisema bila kuinua macho kwenye cherehani, "anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Mwanaume anaoga saa kumi na moja alfajiri, anavaa tai, anarudi mchana amenuna. Huyo kakunyima, nakuambia."

"Nimetoka kungoja."

"Ndiyo nilivyosema. Kakungojesha. Unamngojea nini, shemeji, na umri huo?"

"Nafasi," alisema Chediel, na hakutaka kusema zaidi. Kesho yake asubuhi Faith alituma ujumbe Kiomboi kwa kondakta wa basi: dada, mume wako hapa anangoja nafasi, njoo au nyamaza.

Ijumaa ilikuwa afadhali kidogo. Palibaki kiti kimoja mpaka dakika ya mwisho, na Mzee Chediel alikuwa ameshasimama. Halafu ikaja pikapu nyeupe, akashuka Bwana Isaka. Huyu alinunua mawe na dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na ingawa soko huria liliwakondesha wengi, yeye lilimkuta na njaa na kumlisha peke yake. Abiria wote walipimwa uzito, maana ndege ndogo haitanii na uzito, na Anselm alikuwa na mizani ile ndogo ya bafuni yenye uso wa kioo. Bwana Isaka akaikanyaga. Mizani ikatoa mlio mmoja kama chura, na huo ukawa mwisho wake.

"Vitu vya plastiki," alisema Bwana Isaka, akapanda.

Mzee Chediel akatabasamu tena, akashukuru tena, akarudi tena kwa Faith. Safari hii Faith hakusema kitu. Alimtengea ugali na kumtazama kwa huruma, jambo lililomuuma kuliko utani.

Jumanne ya pili Bwana Isaka hakuonekana, na kiti kilikuwepo. Waliopanda Singida walikuwa watatu tu, mmoja wao Bibi Dorika kutoka Sekenke, mama mkulima mwenye sauti ya kufukuzia ndege shambani, aliyelipiwa na mwanawe wa Dar aende kumwona mjukuu. Alimwona Chediel, akapiga kelele, "Karani! Na wewe unaruka? Umetajirika lini?" Chediel akakumbuka asiseme, akasema, "Mungu ni mwema."

"Baba, njoo upimwe," Anselm aliita kwa furaha ya kweli. "Leo unaruka!"

Mzee Chediel akazunguka kona ya kibanda, akasimama.

Pale kwenye simenti palikuwa na mizani kubwa ya magunia, ile ya chuma yenye jukwaa na mkono wa kusukuma jiwe. Rangi nyekundu iliyobanduka. Namba saba ubavuni. Anselm alieleza kwamba ile ndogo ilipokufa, ofisi ilimwambia atafute nyingine haraka, akaipata hii kwa mtu aliyeinunua kwenye mnada. Imara kabisa, alisema. Ndege ya leo yote imepimwa juu yake, hata wale waliotoka Mwanza na mizigo yao, maana kapteni alitaka wapimwe upya kabla ya mafuta kuongezwa.

Chediel alipanda juu ya mizani kama mtu anayepandishwa kizimbani. Anselm akasukuma jiwe, akasoma: sitini na moja.

Wiki mbili kabla, zahanati ya Kiomboi ilimpima kilo sitini na saba. Wala hakuhitaji zahanati kumwambia. Aliijua mizani hii kuliko alivyowajua baadhi ya watoto wake. Namba saba hula kilo sita. Hula sita kwa kila kinachowekwa juu yake, kiwe gunia, kiwe mtu, kiwe mkungu wa ndizi. Chini ya jukwaa kuna kipande cha chuma kilichochomelewa na fundi mmoja mwaka themanini, kwa maagizo ya meneja mmoja, mbele ya karani mmoja aliyeangalia pembeni. Mkulima alileta hamsini, kitabu kikaandika arobaini na nne, na zile sita wakazila watu wa mjini.

Akapanda ndege. Kiti kilichobaki kilikuwa cha dirishani, nyuma ya rubani. Akakaa, akafunga mkanda, akaanza kuhesabu, maana kichwa cha karani hakistaafu. Watu tisa, mizigo tisa. Mara kumi na nane namba saba imekula. Kilo mia moja na nane zimo ndani ya ndege hii, na rubani hana habari nazo.

Labda si kitu. Lori la Kiomboi hubeba zaidi ya hapo kila siku. Lakini lori likizidiwa kwenye mlima wa Sekenke husimama, utingo akaweka jiwe kwenye tairi, watu wakashuka wakasukuma. Alichungulia dirishani kutafuta mahali ambapo ndege ingesimama ipumue. Hapakuwepo.

Na akisema? Mgeni wa pasi haulizi, hachagui, habishi. Atakuwa amebishana, na jina litakaloandikwa si lake. Na wakimuuliza umejuaje, mzee? Atajibu nini? Akatabasamu. Bibi Dorika, aliyekuwa kiti cha nyuma yake, akamwambia asiogope, yeye mwenyewe alilia mara ya kwanza.

Hapo ndipo pikapu nyeupe ilipoingia kiwanjani kwa kasi, mbuzi wakaruka huku na huku. Bwana Isaka, na tiketi mkononi. Alipimwa: mia na kumi na mbili. Chediel alijumlisha sita bila kutaka. Anselm akapanda ngazi akiwa ameinama, uso umemwiva kwa aibu.

"Baba, samahani sana. Samahani mno. Kuna abiria mwenye tiketi..."

"Usijali mwanangu," alisema Mzee Chediel. Akainuka, akatabasamu, akashuka. Ritha angemwona angelia kwa fahari. Hakuna mgeni wa pasi aliyewahi kushushwa kwa adabu kama ile, na angeweza kuishia hapo, akaenda kula ugali wa huruma.

Kwenye ngazi walipishana. Bwana Isaka alimpiga begani kwa mkono uliojaa pete.

"Pole mzee. Vya bure mwisho wake ndiyo huu. Ukitaka kiti kisichokuwa na miguu ya kukukimbia, nunua." Akaingia, akaketi dirishani, ndege nzima ikayumba upande mmoja kama kitanda cha kamba.

Rubani, Kapteni Kefa, mtu mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuwa anafunga mlango. Mzee Chediel akaushika.

"Kapteni, usiruke."

"Mzee, achia mlango."

"Baba!" Anselm alimkimbilia, akashusha sauti. "Baba, tafadhali. Fikiria Ritha."

"Ritha namfikiria. Nimemzaa mimi. Kapteni, mizani ile ni mwongo. Inapunguza kilo sita kwa kila kitu. Umebeba zaidi ya kilo mia usizozijua, na sasa umempakia huyu."

"Mnaona?" Bwana Isaka alicheka kutoka dirishani. "Kanyimwa kiti, sasa mizani mbovu! Angekuwa amekaa hapa ingekuwa nzima. Twende, kapteni."

Abiria wakacheka. Kusema kweli hata mimi ningecheka. Maneno yale yalikuwa na akili. Kapteni Kefa alimtazama mzee, akatazama suti, akatazama saa.

"Umejuaje kwamba inapunguza?"

Ndilo swali lenyewe. Upepo ukapita, bati likalia. Mzee Chediel alivuta mikono ya koti la marehemu, vidole vikajificha vyote.

"Nimeitumia miaka kumi na minne kwenye chama chetu. Ilitengenezwa hivyo. Nilikuwepo."

Halafu ndani ya ndege ikasikika sauti ya kufukuzia ndege.

"CHEDIEL!"

Bibi Dorika alikuwa anajifungua mkanda. Alishindwa, akaja nao nusu.

"Miaka kumi na minne! Napima debe zangu nyumbani kwa mkono wangu, nikifika kwako zimepungua! Unajua nilisema nini? Nilisema punda anakula njiani! Nilimpiga punda yule, Chediel, nilimfunga mdomo kwa kamba mpaka kidonda! Baadaye nikasema ni mume wangu anaiba anauza kwa wauza pombe. Marehemu amekufa tumenuniana! Na wewe umekaa pale na kalamu sikioni unaniambia pole mama, jua limekausha!"

"Ni kweli, mama," alisema Mzee Chediel.

"Usiniambie ni kweli! Jitetee!"

"Sina cha kujitetea."

Kapteni Kefa alishuka. Alikuwa ameacha kuangalia saa. "Kuna kitu chochote hapa chenye uzito unaojulikana?"

"Saruji," Chediel alisema. "Nyuma ya choo. Chukua mfuko ambao haujafunguliwa, umeandikwa hamsini."

Anselm na kapteni wakauleta wakiwa wameushika huku na huku, wakauweka juu ya namba saba. Anselm akasukuma jiwe taratibu. Likagoma kwenye arobaini na nne. Akasukuma tena, labda mkono wake ulikosea. Arobaini na nne. Wakaleta mfuko wa pili. Namba saba ikala sita bila aibu, kama zamani.

Hapakuwa na mjadala tena. Abiria wawili waliombwa wangoje Ijumaa, mizigo mizito ikashushwa, na Bwana Isaka akaambiwa ama yeye ama mafuta. Alitukana watu wengi kwa muda mfupi, akaondoka na pikapu yake. Bibi Dorika alirudi kwenye kiti chake, na alipopita karibu na Chediel alisema atakuja Kiomboi wakae wazungumze, na aje mchungaji, na punda awepo.

Ndege iliporuka, Anselm alitoa fomu ya ripoti. Kulikuwa na mstari unaouliza: mgeni wa pasi alibishana? Kalamu yake ilisimama hapo muda mrefu.

"Andika kilichotokea," alisema Mzee Chediel. "Mimi nimeshaona ubaya wa karani anayeandika vingine."

Anselm akaandika ndiyo. Chini yake akaandika jina la Ritha, maana fomu ilidai.

Mzee Chediel alirudi Kiomboi kwa basi, na wiki tatu zilizofuata ndizo ndefu kuliko zote alizowahi kupima. Kiomboi ilikwisha kupata habari, na habari zikatafsiriwa kama kawaida yetu. Upande mmoja walisema kahongwa na wenye mabasi aiharibie ndege biashara. Wengine walishuku kwamba alikuwa anataka kuiba mizani. Wakulima wa zamani wa chama walipita mbele ya nyumba yake polepole, hawasemi, wanaangalia tu paa la bati, kama wanalipima. Ndani, Selina alipika akanyamaza, akatandika akanyamaza. Siku moja tu alisema, "Mtoto alikuomba kitu kimoja." Kila basi la jioni Chediel alikwenda stendi kuangalia kama Ritha anashuka na masanduku yake.

Badala yake ikaja barua. Ritha aliitwa ofisini, akasimamishwa mbele ya meza yenye ripoti mbili. Ya Anselm ilisema mgeni wake kabishana. Ya Kapteni Kefa ilisema bila mgeni huyo, Mwewe wangekuwa wanaokota vipande porini. Mwenye shirika alizisoma zote mbili mara nyingi, kama mtu anayetafuta ni ipi ya uongo. Mwishowe Ritha akapewa mkataba, na akanyang'anywa pasi kwa mwaka mzima, maana mgeni alibishana na kanuni ni kanuni. Selina alisoma barua hiyo mara nne. Mara ya nne alikuwa analia, na mumewe akamuuliza ana hakika muhuri si wa kughushi.

Krismasi Ritha alikuja kwa basi, siku mbili njiani. Mchungaji aliwaalika watu nyumbani kwa Mzee Chediel kwa sala ya shukrani, akasimama katikati ya sebule, akamsifu Mzee Chediel mpaka mzee akafumbua na lile jicho lingine. Alisema huyu ni mtu aliyekuwa ameshashuka salama. Angeweza kukaa kimya, mwanawe akabaki na kazi, siri yake ikabaki siri. Lakini dhamiri ilimwita pale mlangoni, naye akaitika, akaweka rehani vyote viwili kwa ajili ya watu asiowajua. Bibi Dorika, aliyekuwa amekuja kweli na punda kamfunga nje, alipangusa machozi ingawa hakutaka.

Ritha akamshika baba yake mkono.

"Baba," alisema, "nilikuogopea sana, na nilikukasirikia, nisamehe. Sasa niambie mwenyewe, hawa wasikie. Pale mlangoni, ukijua jina langu litaandikwa, ni nini kilikufanya useme?"

Mzee Chediel alifikiri kidogo.

"Sikutaka yule bwana akae kwenye kiti changu."